Alama nzuri, mto usio wake

Jioni hii nawaza tena jambo lile lile: tukiulizwa modeli ya maji, yaani programu ya kompyuta inayokadiria maji ya mito na ardhi, ina uzuri gani, tunakimbilia kutaja alama moja ya jinsi makadirio yanavyokaribia vipimo. Modeli ya Taifa ya Maji ya Marekani, iliyoanza kazi Agosti 2016, hukadiria mtiririko kwenye vipande vya mito takribani milioni 2.7. Alama moja itabeba yapi?

Kazi huanza kabla ya alama. Kituo cha kupimia lazima kikae kwenye mto wake ndani ya modeli. Karibu na makutano, mita mia chache zinatosha kukihamishia kijito cha jirani. Dawa ni kulinganisha ukubwa wa eneo linalomwaga maji kituoni: ule wa kumbukumbu za kituo na ule wa modeli. Tofauti ikipita asilimia 10, fungua ramani. Halafu vizio: kituo huhesabu kwa futi, modeli kwa mita; futi moja ya ujazo ni mita za ujazo 0.0283. Halafu saa. Siku ya kituo cha Colorado huanza usiku wa manane wa pale, ilhali modeli hufuata saa za dunia (UTC), zilizo mbele kwa saa 7 majira ya baridi. Usipokokotoa upya wastani wa siku, gharika ya dhoruba fupi huangukia siku isiyo yake na modeli hulaumiwa bure.

Sasa alama ya Kling-Gupta, mojawapo ya zile zinazolinganisha mtiririko wa modeli na uliopimwa. Ukamilifu ni 1. Wengi hudhani mpaka wa modeli kushinda kutaja wastani tu ni 0, kama ilivyo kwa alama nyingine, Nash-Sutcliffe. Sivyo: anayetaja wastani ule ule kila siku hupata −0.41. Ivunje vipande vitatu: je, mistari ya modeli na ya kituo kwenye grafu hupanda na kushuka pamoja, huyumba kwa kiasi kimoja, na jumla ya maji inalingana? Chini ya bwawa la Hoover kipande cha kwanza huharibika kwa kuwa maji hufunguliwa na watu. Vituo vya aina hiyo vitengwe.

Kinachonisumbua zaidi ni makosa yanayofichana. Mvua ikiingizwa pungufu na uvukizi ukakadiriwa pungufu, mto hutoka sawa. Ndiyo maana tunahitaji mashahidi wengine, kila mmoja na mipaka yake. Satelaiti ya SMAP huona unyevu wa sentimita 5 za juu za udongo tu. Satelaiti pacha za GRACE-FO hupima mabadiliko ya maji yote, hata ya chini ya ardhi, lakini kwa maeneo ya mamia ya kilomita, hivyo seli za modeli, yaani miraba ya kilomita 1 inayogawa ardhi, zijumlishwe kwanza. Kwa theluji kuna SNOTEL, vituo vya Marekani vinavyopima theluji milimani vyenyewe, ila angalia mwinuko: seli ikiwa chini kuliko kituo, theluji yake itayeyuka mapema.