Udongo unaoshika dawa na udongo unaoiachia

Watu wanaoleta sampuli za udongo maabara kwetu huwa na swali moja: dawa ya wadudu tuliyopiga, bado imo? Huwajibu kwa swali jingine, na mwanzoni huwaudhi: imo kwa nani? Nikiukamua udongo kwa kemikali kali, naweza kuikuta nyingi tu. Kwa mnyoo anayepita humo, kwa mzizi wa karoti, kwa maji yanayoshuka kuelekea kisimani, habari inaweza kuwa nyingine kabisa. Kiasi kilichomo hakitoshi kunipa jibu. Nataka pia kujua udongo uko tayari kuachia kiasi gani.

Kipimo chenyewe hakina uchawi. Unachukua udongo uliokaushwa kwa hewa na kuchekechwa, unautia kwenye neli pamoja na maji yenye kloridi ya kalsiamu kidogo na kiuadudu unachokijua kiasi chake. Unatikisa kwa saa 24 hivi, halafu unaizungusha neli kwa kasi mpaka udongo utulie chini na maji yabaki juu. Dawa iliyopungua kwenye maji imeshikwa na udongo. Gawanya iliyoshikwa katika kila kilo ya udongo kwa iliyobaki katika kila lita ya maji, unapata namba tunayoiita Kd: ikiwa kubwa, udongo umeshika zaidi.

Wengi huishia hapo, na hilo hunisikitisha, kwa sababu utamu wa kazi uko mbele. Mwaga yale maji, tia mengine yasiyo na dawa, tikisa tena. Mara nyingi dawa hairudi kwenye maji kwa uwiano ule iliotoka nao, sehemu hung'ang'ania. Udongo uliokaa na dawa miezi kadhaa kabla ya kupimwa huachia kidogo zaidi, maana kwa muda huo dawa imepenya polepole ndani ya mboji na kwenye vitundu visivyofikiwa hata na bakteria ambao wangeivunjavunja. Ndiyo sababu dawa ya zamani inaweza kudumu sana na wakati huohuo kudhuru kidogo kuliko namba yake inavyotisha.

Kinachoshika zaidi, kwa viuadudu vingi visivyopenda maji, ni mboji. Kwa hiyo tunaigawa Kd kwa sehemu ya kaboni ya mboji iliyomo kwenye udongo, tukapata Koc, namba inayoruhusu dawa mbalimbali kulinganishwa. DDT iko kwenye laki kadhaa. Kloropirifosi, elfu kadhaa. Imidaklopridi, mia mbili na kitu. Aldikabu, takribani 30. Sasa chukua imidaklopridi yenye Koc ya 225: kwenye udongo wenye kaboni asilimia 2, Kd yake inakuwa 4.5, kwenye udongo wa kichanga wenye asilimia 0.2, inakuwa 0.45. Dawa ni ileile, na mpigaji anaweza kuwa yuleyule. Upande wa pili wa jambo hili ni kwamba udongo mweusi wenye mboji nyingi sana hudai dawa nyingi zaidi ili kumuua mdudu yuleyule, kwa kuwa nyingi inakuwa imeshikwa kabla haijamfikia.

Udongo wa mfinyanzi nao una mchango wake, ila usiseme tu "mfinyanzi". Uliza ni upi. Gramu moja ya kaoliniti ina uso wa mita za mraba 10 hadi 20 hivi, ilhali montimoriloniti inaweza kupita 600. Hata hivyo maji hugombea uso huohuo. Udongo mkavu hushika dawa kwa nguvu. Ukilowa, maji huchukua nafasi na kuisukuma nje, na baadhi ya viuadudu hupanda hewani kwa kasi zaidi.

Aldikabu ilionyesha hatari ya kutoshikwa. Katika mashamba ya viazi ya Long Island, jimbo la New York, udongo ni wa kichanga, na mwaka 1979 dawa hiyo ilikutwa kwenye visima vya maji ya kunywa. Kushikwa sana nako si usalama: dawa za jamii ya piretroidi hazishuki kirahisi, lakini udongo ukimomonyolewa huondoka nazo hadi kwenye tope la mito, na humo wadudu wadogo wa majini hufa.

Mfano ninaoufikiria kuliko yote ni wa klorodekoni, iliyotumiwa dhidi ya fukusi wa migomba katika visiwa vya Martinique na Guadeloupe, huko Karibi, kuanzia 1972 hadi 1993. Visiwa hivyo vina udongo wa volkano wa aina tofauti. Andosoli, ule wenye umri mdogo, una madini ya alofani, ambayo chembe zake hujishikanisha kama sifongo yenye vitundu vidogo mno. Humo dawa imejaa kuliko kwenye nitisoli, udongo wa mfinyanzi wa jirani. Ungetegemea viazi vitamu na magimbi ya andosoli ndiyo yawe machafu zaidi. La hasha: kwa kiasi kilekile cha dawa ardhini, nitisoli huachia zaidi kwa mazao. Lakini huko kubana kwa andosoli kuna gharama yake, kwa sababu mvua inaiosha polepole mno. Watafiti wamekadiria kwamba nitisoli itahitaji miongo kadhaa hadi karne moja kusafishika kwa mvua, na andosoli karne kadhaa.

Ndiyo maana sikubali kikomo kimoja cha miligramu kwa kilo kitumike kwa kila udongo. Katika visiwa hivyo wamejaribu pia kuongeza mboji, na mazao yakachukua klorodekoni kidogo zaidi. Dawa yenyewe haikuondoka, imefungiwa tu. Mboji huoza, kwa hiyo anayeitumia njia hiyo inabidi aiongeze tena na kupima tena, na apime mazao yenyewe, maana udongo peke yake utampa namba ileile ya jana.