Skrini tatu, wazo nusu

Nikiandika huku muziki usio na maneno unacheza chinichini, kalamu inakwenda vizuri tu. Uje wimbo wenye maneno, nusu ya mstari wangu inakuwa ya mwimbaji! Na televisheni ikitangaza mpira huku meseji za kundi zinaingia mfululizo, naambulia sentensi ambazo yeyote angeandika.

Mwaka 2009 Clifford Nass na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapima watu waliozoea kutumia vyombo vingi vya habari na mawasiliano kwa mpigo. Ungedhani hao ndio mabingwa wa kuhama kazi moja kwenda nyingine. Wapi! Walizidiwa na wasio na mazoea hayo, na hata kupuuza visivyohusika kuliwawia vigumu. Ubunifu wenyewe haukupimwa pale, lakini mtunzi asiyeweza kupuuza kitu atatunga saa ngapi?

Ila simu nisiisingizie kila kitu. Picha niliyoipitia ovyoovyo asubuhi huibuka jioni ikiwa imeshaungana na jambo jingine kabisa, na hapo ndipo wazo lilipo. Tatizo ni kwamba huibuka nikiosha vyombo, masikioni sina kitu.

Nyie mnaochora na kutunga, mnazima au mnawasha?