Kuchora kwa ajili ya kisu: kujifunza faili za kukata nikiwa hapa Dodoma

Watu wanaonitafuta kuhusu zile mashine za kukata manila na stika karibu wote wanauliza swali moja, ninunue ipi, Cricut au Silhouette, na mimi kila mara najibu kwamba mashine ni nusu ya kazi na tena ndo ile nusu rahisi, nusu ngumu ni faili. Ukiwa na mashine nzuri alafu huna faili zako mwenyewe utabaki kukata vile vile vinavyopatikana mtandaoni, maboga ya Halloween, vipande vya theluji, mti wa Krismasi wa msonobari. Ukitafuta mbuyu unapata ule wa kwenye matangazo ya utalii, twiga chini, jua kubwa nyuma, wakati mbuyu ninaoujua mimi ni ule mnene unaouona ukitoka mjini kuelekea Bahi, hauna majani nusu mwaka na tumbo limejaa makovu. Na kipaimara je, na kadi ya mchango wa send off, na boksi la kitchen party? Hakuna mtu wa Marekani atakayekaa usiku akuchoree hivyo vitu, hata havijui. Inabidi tuchore sisi.

Sasa kitu cha kwanza kukielewa, na mengine yote yanatokea hapo, ni kwamba kisu hakioni picha. Wewe ukiangalia skrini unaona rangi, kivuli, mstari mnene, mstari mwembamba, ila kisu kinaona njia ya kupita basi. Picha ya JPEG ni vidoti vya rangi tu, ndani yake hakuna njia. Faili la SVG ndani yake kuna maelekezo, anzia hapa, pinda hivi, ishia pale, na kama huamini lifungue kwa Notepad utaona maandishi na namba zimepangana mstari kwa mstari. Utaratibu wake uliwekwa na W3C, lile shirika linalopanga viwango vya mtandao, mwaka 2001 na ni wazi kwa kila mtu, kwa hiyo faili ulilochora leo litakufaa hata ukija kubadilisha mashine.

Mimi nachora kwenye Inkscape, programu ya kuchorea kwenye kompyuta. Ni ya bure kabisa, ipo tangu 2003, ukishaipakua haikuombi bando tena, na kwa sisi ambao bando tunalihesabu hilo sio jambo dogo. Design Space, programu ya mashine za Cricut, nayo ni ya bure ila kazi zake nyingi zinataka intaneti, alafu 2021 Cricut walitangaza kwamba asiyelipia kila mwezi ataruhusiwa kupandisha faili 20 tu kwa mwezi, watumiaji wakaja juu mpaka wakaufuta ule mpango. Waliufuta, sawa, lakini tangu nilivyosoma ile habari naona ni busara mtu uwe na faili mama kwenye kompyuta yako, SVG safi, na programu ya mashine iwe ya kutuma kukata tu. Wenye Silhouette wajue kwamba Silhouette Studio ile ya bure haifungui SVG, mnahifadhi kama DXF, aina nyingine ya faili la michoro, ndo inaingia.

Turudi kwenye njia. Mtu akianza anachora ua zuri kwa mstari mnene, kwenye skrini limependeza, akilipeleka kwenye mashine ule unene wote unapotea, kisu kinapita katikati ya mstari mara moja na ua linakuwa mchubuko kwenye karatasi. Unene kwa kisu haupo. Ukitaka mstari wenye unene inabidi uubadilishe uwe umbo lenye kingo mbili, Inkscape wanaiita Stroke to Path, na maandishi hivyo hivyo unayapitisha kwenye Object to Path kwanza, la sivyo Design Space itakwambia hayo maandishi haiyatambui. Hizo amri mbili ukizijua umeshavuka mto mkubwa.

Nitawaonyesha kwa neno kipaimara kwasababu ndilo linaniletea kazi nyingi, watu wanataka lile la kuchomeka juu ya keki, la maandishi ya mkono, manila ya dhahabu yenye kung'aa. Unaandika neno kwa fonti ya mkono, herufi zimepandana vizuri, unafikiri imeisha. Haijaisha. Pale herufi zinapopandana kila moja bado ni umbo lake, kisu kitakata K yote, kitakata i yote, na kwenye makutano kitakata ndani ya neno, unainua unapata vipande tisa mkononi. Unazichagua zote unabonyeza Union zinakuwa kitu kimoja. Sawa. Lakini kipaimara lina i mbili, na i ina kidoti, na kidoti hakijashika popote. Ile i ya kwanza ipo karibu na K, K ni ndefu, unakisogeza kidoti kushoto mpaka kiegemee mkono wa K, hakuna atakayegundua. Ile i ya pili imekaa katikati ya a na m, zote fupi, hakuna pa kuegemea. Hapo wengine wanakishusha kidoti mpaka kinazama kwenye i yenyewe, inasomeka ila imekaa kama herufi iliyokatwa kichwa, sipendi. Mimi navuta mkia wa m kwa juu kidogo, unapanda kwa mkunjo unaenda kukishika kidoti, na unakuwa kama pambo lililokusudiwa. Alafu ndo Union.

Na Kiswahili chetu kimejaa i, jamani. Mahafali, ndiyo, karibu, Siku ya Kuzaliwa, Mungu ni Mwema. Ongeza na ile alama ya juu kwenye ng', ukiletewa oda ya mtu wa Chang'ombe anataka jina la mtaa mlangoni, hiyo alama nayo ni kipande kinachoelea. Fonti nyingi zimechorwa na watu ambao hawakuwaza haya, kwa hiyo kuna marekebisho utafanya kila siku na inabidi uyapende tu.

Neno hilo hilo kipaimara ukiambiwa ulifanye stensili, yani lile la kupulizia rangi kwenye kitambaa, shida inageuka kabisa. Vidoti vya i sasa havina tatizo, ni matundu tu. Tatizo ni a, zipo tatu, na p, katikati yake pana kisiwa na ukikata kile kisiwa kinadondoka, unapuliza rangi unapata madoa ya mviringo. Inabidi uchore madaraja, vipande vyembamba vinavyoshikilia kisiwa na karatasi ya nje. Unachora mstatili mdogo juu ya a, unachagua vyote viwili, unabonyeza Difference, amri ya kumega umbo la chini kwa umbo la juu, tayari daraja limepatikana. Neno moja, herufi zile zile, faili mbili zisizofanana. Ndo maana kila oda ninauliza kwanza itaenda kwenye nini, ndo naanza kuchora.

Zabibu zimenifundisha kuliko kitu chochote. Hapa kwetu zabibu iko kila mahali, msimu ukifika barabarani wamepanga ndoo, na mama mmoja wa Ipagala anayeuza zabibu zilizokaushwa akaniambia, "Mwanangu, nataka kichana cha zabibu kwenye makopo yangu, lakini kionekane ni zabibu kweli, sio mipira." Ukiweka miduara ikapandana ukapiga Union unapata wingu, kila punje imeyeyuka kwenye mwenzake. Ukiiacha bila kuunganisha kisu kinakata kila mduara mzima na punje za nyuma zinakatwakatwa ovyo. Njia iliyonipa raha ni hii: punje ya mbele unatengeneza nakala yake, nakala unaitanua kidogo kwa Outset, alafu ile nakala kubwa unaitumia kuimega punje ya nyuma kwa Difference. Inabaki nafasi nyembamba iliyo sawa kuzunguka punje ya mbele, na jicho linaelewa lenyewe kwamba hii iko mbele na hii imejificha. Unafanya hivyo punje kwa punje kutoka juu mpaka ncha ya kichana, inachukua muda, mimi naiona ni kazi nzuri kama kusuka, ukimaliza unakuta kichana kina uzito.

Ila hiyo inafanya kazi kwenye stika tu, kwasababu pale punje zinabaki kwenye karatasi yake na ile tepu ya kuhamishia inazibeba zote bila kuzipoteza nafasi. Kadi ya manila haitakubali, punje zitamwagika mezani. Kwa manila unachora umbo la nyuma kwanza, mzunguko wa kichana kizima, rangi nyeusi au zambarau iliyokolea, punje unazigandisha juu. Weka rangi mbili tofauti kwenye faili na Design Space yenyewe itazitenganisha kila rangi na mkeka wake wa kukatia.

Kuhusu kuchukua picha na kuiambia programu iifuatishe, Trace Bitmap, mimi sio shabiki sana. Ukiipa picha ya mbuyu inakuletea kila kijiti, maelfu ya nodi, yani vile vidoti vinavyoshikilia njia, kisu kinatetemeka, kinasimamasimama na manila inachanika. Mduara safi kwenye Inkscape una nodi nne tu, nne! Ukiona umbo dogo lina nodi mia jua halijachorwa, limekorogwa tu. Kuna Simplify inapunguza, lakini mbuyu wangu nimeuchora kwa mkono, shina nene, matawi machache na yote manene kuliko yalivyo kwenye mti halisi, kwasababu kwenye manila kitu kilicho chini ya milimita 2 mimi sikiamini. Ukiangalia michoro ya miambani kule Kolo, Kondoa, ile iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006, utaona wale wazee walishalijua hili, watu warefu waliojazwa rangi nyekundu, umbo moja, hakuna mapambo ya bure. Mnyama anatambulika kwa shingo na mgongo tu. Kila ninapokwama kwenye mchoro naziangalia tena zile picha nijiulize nini kitoke.

Vipimo navyo visikupite. Inkscape kuanzia toleo la 0.92 la mwaka 2017 inahesabu nukta 96 kwa inchi, kabla ya hapo zilikuwa 90, na programu nyingine zina hesabu zao, ndo maana faili linafunguka kubwa au dogo kuliko ulivyochora. Dawa yake ni ndogo: weka kwenye kona mraba wa sentimita 10, ukifungua kwenye programu ya mashine uangalie kama bado ni 10, kama sio unavuta vyote kwa pamoja mpaka uwe 10, alafu unaufuta. Kwa tisheti usisahau kugeuza kama kwenye kioo kabla ya kukata, maana ile vinaili, plastiki nyembamba ya kubandika kwa pasi, inakatwa kwa nyuma.

La fonti na nembo nalisema kwa msisitizo. Kuna fonti nyingi nzuri zenye leseni ya SIL Open Font License, hizo unaruhusiwa kufanyia biashara, nyingine zimeandikwa matumizi binafsi tu na maana yake ni hiyo, usizifanyie biashara. Nembo za timu na wahusika wa katuni zina wenyewe, na sheria ya hakimiliki tunayo, ile ya mwaka 1999, kwa hiyo mteja akija na hiyo oda namweleza vizuri na namwonyesha nilichochora mimi. Mara nyingi anachukua cha kwangu.

Na kama huna mashine, usisubiri mashine. Inkscape ipo, chora, nenda steshenari wakuprintie mistari mitupu bila rangi, weka juu ya manila, chini pawe na kioo kinene, ukate kwa kisu kidogo cha kukatia karatasi. Mkono unakufundisha upesi kuliko skrini kwasababu kona kali unaihisi, sehemu nyembamba unaihisi inavyolegea kabla haijakatika, na kidoti kilichoelea kinadondoka mbele ya macho yako. Unarudi kwenye faili unaongeza unene pale pale ulipohisi, unaprinti tena. Anza na jina la mtu wa nyumbani lenye herufi za mkono, urefu wa sentimita 15, fonti nene. Likishainuka mezani zima bila kupungua herufi, chukua hilo hilo faili uligeuze stensili.