Kipande cha Tano Kilipopanda Liemba

Mwaka 1999 nakala ya Kikosi cha Kisasi, riwaya ya kijasusi ya Elvis Musiba, tuliyoipata pale Mwanga, Kigoma, ilikuwa moja, na tuliokuwa tunaitaka tulikuwa sita. Ilikuja na treni ya Reli ya Kati ndani ya mzigo wa vitabu vya mitumba kutoka Dar es Salaam. Jalada lilikuwa limeshaachana na kurasa, na gundi ya mgongoni imekauka hadi inapukutika. Kitabu cha hali hiyo ukikipitisha kizima mkono kwa mkono, msomaji wa tatu anakipokea hakina mwanzo, na wa tano anakipokea hakina mwisho. Fundi redio ndiye aliyetoa shauri: kwa kuwa kitaharibika tu, bora tukiharibu wenyewe kwa utaratibu. Tukikate.

Mzee wa stesheni alipinga. Kwake kukata kitabu ni ukorofi. Kilichomlainisha ni hesabu. Mtu mwenye shughuli zake mchana, akisoma usiku kwa taa, riwaya ile ingemchukua kama siku 12. Watu sita wakipokezana kitabu kizima ni siku 72, tena kama hakuna mzembe. Kikigawanywa vipande sita, vipande vitano vikazunguka kwa siku mbili mbili na cha sita kikasubiri kusomwa kwa pamoja, msomaji wa kwanza anamaliza zamu yake siku ya 10, wa mwisho siku ya 20, na siku ya 21 watu wote wanakaa chini kusikiliza mwisho. "Kumbe ni ratiba ya treni," mzee akasema, akaridhika.

Kukata kwenyewe kuna mambo yake. Unakunja kitabu kinyume pale sura inapoisha, mgongo unafunguka wenyewe, halafu unapitisha wembe mpya kwenye gundi tu, bila kugusa karatasi. Wembe uliotumika kunyolea hauna kazi hapo, unachana. Kisha kila kipande kinatobolewa matundu matatu kwa msumari mwembamba, sentimeta moja kutoka ukingoni. Ukisogea karibu zaidi na ukingo, tundu linachanika kabla kipande hakijafika kwa mtu wa pili. Ukiingia ndani zaidi, mshono unameza herufi za mwanzo wa mstari. Uzi tulichukua Kibirizi kwa wavuvi, ule mwembamba wa kushonea nyavu za dagaa. Ule mnene una nguvu zaidi, lakini hukata karatasi kama kisu. Juu ya kila kipande likaja gamba la karatasi ya kaki lenye namba kubwa. Gundi ya unga hatukuitaka kabisa, maana inaita mende, na mende akishaanza gundi anamalizia na karatasi.

Tatizo ambalo hakuna aliyeliwazia ni sura inayoanzia mgongoni mwa karatasi ambayo upande wake wa kwanza ndiyo mwisho wa sura iliyotangulia. Karatasi moja haiwezi kwenda vipande viwili. Pale ilipotokea hivyo, karatasi yenyewe ilibaki na kipande cha mbele, na ule ukurasa wa nyuma ukanakiliwa kwa mkono na kushonwa mwanzoni mwa kipande kinachofuata. Mama muuguzi ndiye aliyenakili, kwa ule mwandiko wa kadi za kliniki, na hakuacha hata nukta.

Wengine waliuliza kwa nini tusianze na riwaya yoyote ya Willy Gamba, jasusi wa Musiba, iliyo karibu. Jibu ni kwamba Elvis Musiba hakuandika namba za mfululizo kwenye majalada, lakini vitabu vyake vina tarehe, na dunia ya ndani inabadilika kufuatana na tarehe hizo. Kufa na Kupona ni ya 1974. Pale Gamba anafanya kazi Nairobi wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ingali hai na mpaka uko wazi. Kikosi cha Kisasi ni ya 1979, Jumuiya imeshavunjika tangu 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania umefungwa, na uwanja wa mapambano umehamia Kinshasa. Msumbiji na Angola zilikuwa zimepata uhuru 1975, Zimbabwe bado. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na ndiyo maana jasusi wa Kitanzania anatumwa kuwapigania watu ambao si wa nchi yake. Msomaji aliyezaliwa baadaye asipoelezwa hayo atamwona Gamba ni mtu wa kupenda fujo tu. Mwaka wa kwanza wa kuchapishwa unatafutwa nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Usidanganywe na mwaka wa toleo jipya, maana huo ni wa mashine ya kuchapia, si wa hadithi.

Kwa Kinshasa tulikuwa na bahati ambayo wasomaji wa miji mingine hawana. Mwalimu wetu wa Kifaransa alikuwa Mkongomani aliyevuka ziwa wakati wa vita na aliyewahi kuishi Kinshasa. Alitushika mkono. Akachora kwa chaki sakafuni: mto, Kinshasa upande huu, Brazzaville upande ule, miji mikuu miwili inatazamana na katikati ni maji tu. Akaweka uwanja wa ndege wa N'djili mbali upande wa mashariki, Gombe penye ofisi na mabalozi, Matonge penye muziki na baa. Chaki ile ilisaidia kuliko maelezo yoyote, kwa sababu katika riwaya ya kijasusi umbali ni ushahidi. Mtu akisema alifika mahali kabla ya mwenzake, unauliza alipita wapi.

Saa nazo. Watu wa Kigoma wanajua kwamba ukivuka ziwa kwenda Kalemie, upande wa Kongo, unarudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Kinshasa ni mbili. Saa nne asubuhi Dar, Kinshasa ni saa mbili. Popote ilipotajwa simu au ndege ya kati ya miji hiyo, tuliandika saa zote mbili ubavuni. Na ilibidi vijana wakumbushwe kwamba mwaka 1979 hakuna simu ya mkononi. Simu inapigwa kupitia opereta, na opereta ana masikio.

Hayo yote yaliingia kwenye kaunta buku, lile daftari nene, lililofuatana na vipande. Kila jina lilipewa nusu ukurasa: linatokea ukurasa gani, mwenyewe anadai anafanya kazi gani, nani mwingine amemthibitisha, na safu ya mwisho, ambayo ndiyo yenye utamu, alijua nini kabla ya wengine. Katika riwaya ya mauaji ya kawaida unamtafuta mwenye sababu. Katika riwaya ya kijasusi karibu kila mtu ana sababu, na ukizifuata utapotea. Unamfuata mwenye habari. Gamba akishambuliwa mahali, usihangaike kwanza na aliyeshika bastola. Hesabu walioambiwa kwamba angekuwa pale. Nusu ukurasa ulioachwa wazi ulikuwa na kazi yake: majasusi wana majina mawili matatu, na jina la pili likifichuka linaandikwa papo hapo chini ya la kwanza, bila kufuta kitu. Wino ulikatazwa kwenye kitabu lakini ulilazimishwa kwenye daftari, asije mtu akasahihisha dhana zake baada ya kujua ukweli. Nikiri jambo moja kwa niaba ya wanaume wa kikundi: kila mwanamke mzuri alipojitokeza, safu ya "nani amemthibitisha" iliachwa tupu na mtu akaandikwa mwema hivyo hivyo. Gamba mwenyewe ana ugonjwa huo huo, kwa hiyo maneno yake kuhusu wanawake tulikuja kuyapunguza uzito.

Utaratibu ulikwenda vizuri mpaka zamu ya mfanyabiashara wa dagaa, kijana wa Ujiji, msomaji wa nne. Alipokea kipande cha tano Jumatatu. Jumatano Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ikaondoka kuelekea Mpulungu, Zambia, naye ndani, kipande kwenye mfuko wake wa fulana. Ilikuwa ashuke Kipili, afanye biashara yake, apande meli hiyo hiyo ikirudi na kufika Kigoma Jumapili. Biashara ikamkatalia, akaikosa, na meli ilikuwa moja kwa wiki. Wasomaji wanne tulishakisoma kipande hicho, yeye akiwa mmoja wao. Mama muuguzi na fundi redio walikuwa bado, na cha sita kimefungiwa ndani ya sanduku la mzee wa stesheni.

Mama muuguzi hakukubali kukaa bure. Akaita kikao, akasema wao wawili watakisoma kipande cha tano bila kuwa nacho. Sharti lake la kwanza lilihusu taa. Chemli iliwekwa upande wao, na sisi watatu tuliojua tukasukumwa gizani nyuma ya mlango.

"Mwalimu, geuka ukutani kabisa."

"Dada, sijasema neno."

"Hujasema, lakini unasomeka usoni. Geuka."

Walianza na safu ya mwisho ya daftari. Kila shambulio la vipande vinne vya mwanzo waliliandika kwenye karatasi, na chini yake majina ya walioweza kujua kabla. Jina lililokosekana hata mara moja likakatwa. Fundi redio alikuwa na tabia nzuri ya kazi yake: hakati waya kabla ya kupima, na kila mara alirudi kwenye ukurasa kuhakikisha kwamba fulani aliambiwa kabla, si baada. Hapo ndipo daftari lilipoonyesha kasoro. Mahali pawili wasomaji tulikuwa tumeandika "alijua" bila ukurasa, na kwa amri ya mama muuguzi maandishi hayo yakahesabiwa hayapo. Kisha wakaleta zile saa za ubavuni, Dar na Kinshasa, wakamwondoa mtu mmoja ambaye asingeweza kuwa amepata habari kwa wakati. Walibaki na majina mawili. Sitayataja, wala sisemi kama walipatia. Kuna wanaosoma hapa ambao kitabu hawajakifungua, na sheria ya mdomo kwetu, ya kutomsimulia ambaye hajasoma, haikuwa na tarehe ya kwisha.

Kijana wa Ujiji alirudi Jumapili iliyofuata. Kipili meli haikugusa nchi kavu. Abiria walipelekwa kwa mitumbwi hadi ubavuni mwa meli, na hapo ndipo wimbi lilipoingia kwenye mfuko. Kipande kililoa robo tatu, kikanuka dagaa. Alitaka kukianika juani. Mzee wa stesheni akamzuia, kwa sababu jua hukausha uso wa karatasi kabla ya ndani, karatasi inajikunja na haitanyooka tena. Tulifungua mshono, tukaweka kipande cha gazeti kikavu kati ya kila karatasi mbili, tukafunika na ubao na juu yake tofali mbili. Magazeti yanabadilishwa kila baada ya saa chache siku ya kwanza, halafu asubuhi na jioni. Usitumie gazeti lenye picha za rangi, linahamisha wino. Siku tatu kikanyooka. Harufu haikutoka, na ilipofika zamu ya mama muuguzi akakisomea uani.

Kipande cha sita kilisomwa kwa sauti, nyumbani kwa mzee. Kurasa 28, na ukurasa mmoja kwa mwendo wa kusikilizika unachukua kama dakika mbili na nusu, kwa hiyo ni zaidi ya saa moja. Tulibadilisha msomaji kila kurasa saba, maana baada ya hapo koo linakauka na mtu anaanza kumeza vituo. Karabai ina mwanga mzuri lakini inavuma, na wa nyuma hawasikii. Tukawasha chemli mbili, moja nyuma ya bega la kushoto la msomaji ili kivuli cha mkono wake kisiangukie ukurasa. Msomaji mwenye mbwembwe, anayewapa maadui sauti nzito, anaharibu, kwa sababu anamfichua mtu kabla mwandishi hajamfichua. Mwalimu alisoma vizuri kuliko wote kwa sauti moja tu, ya mtu anayesoma barua ya ofisi.

Zilipobaki kurasa kama kumi, mvua ikashuka juu ya bati. Anayejua mvua za Kigoma za mwezi wa tatu anajua kwamba hapo hata mtu wa pembeni yako humsikii. Msomaji alifunga kitabu, na mzee wa stesheni, akijua watu wake, akakichukua na kukikalia. Kahawa ikazunguka mara mbili mpaka bati liliponyamaza.

Baadaye vipande vyote vilirudishwa pamoja kwa matundu yale yale, uzi mmoja, gamba moja jipya la kaki, na kurasa za mwandiko wa mama muuguzi zikabaki mahali pake kwa faida ya wa baadaye. Kitabu kikaenda Ujiji kwa kikundi kingine. Kwa zamu iliyofuata tulichagua riwaya ya mpelelezi Joram Kiango, ya Ben Mtobwa, mwandishi mzaliwa wa mkoa huu huu wa Kigoma. Nakala ilikuwa nyembamba na imebanwa kwa pini, kwa hiyo vipande vitatu vilitosha, na pini zilitolewa kwanza maana zina kutu. Mfanyabiashara wa dagaa tulimweka wa kwanza kwenye orodha, na ikakubaliwa kwamba kila Jumatano, kabla hajateremka bandarini, fundi redio apitie kwake aukague mfuko.