Njiti akipaliwa huenda asikohoe

Kina mama wengi wakimwona njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, anafyonza mrija wa kumlishia, ule unaopeleka maziwa tumboni, huamini yuko tayari kunyonya. Kufyonza huja mapema. Kinachochelewa ni kupangilia mambo matatu, kunyonya, kumeza na kupumua, kwa sababu kila anapomeza pumzi hukatika kidogo. Mpangilio huo huanza kukaa sawa kwenye wiki 32 hadi 34, ukijumlisha za tumboni na alizokwisha kuishi nje. Lakini umri pekee hautoshi: mwenye wiki 34 anayepumua zaidi ya mara 60 kwa dakika hana nafasi ya kumeza kati ya pumzi na pumzi. Huyo abaki na mrija kwanza.

Na kwenye mrija asikae bure. Maziwa yakiwa yanashuka, awe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akilamba titi lililokwisha kukamuliwa. Hapo anajifunza kwamba ladha, harufu ya mama na shibe vinakwenda pamoja.

Akiwa tayari kulishwa kwa mdomo, kikombe kinataka subira. Mtoto awe macho, amefungwa kanga, ameketi karibu wima, mkono wako ukishika mabega na shingo. Ukingo wa kikombe ukae juu ya mdomo wa chini, maziwa yaguse tu. Atatoa ulimi alambe. Usimmiminie! Akipumzika, acha kikombe palepale umsubiri. Hapo ndipo anapovuta pumzi.

Tuseme ana gramu 1500 na daktari ameandika mililita 160 kwa kilo kwa siku: ni 240, yaani 30 kila baada ya saa 3. Siku ya kwanza tosheka na mlo mmoja au miwili kwa kikombe. Zikifika dakika 20 hadi 30, au akisinzia kabla, simama na upitishe yaliyobaki kwenye mrija. Kumlazimisha amalize kunamla nguvu ambayo ingemwongezea uzito. Tandika kitambaa kidevuni pia, maana yanayomwagika hujaza hesabu kwenye karatasi, tumbo likabaki tupu.

Kosa tunaloliogopa zaidi ni kuharakisha, ama kwa bomba la sindano ama kwa chuchu ya chupa iliyotobolewa tundu kubwa. Maziwa yakigusa koromeo kwa wingi, njiti mara nyingi hakohoi kama mkubwa: huacha kupumua, na mapigo ya moyo hushuka. Kwa hiyo mtazame uso kuliko kikombe. Vidole vikitawanyika, macho yakikodoka, maziwa yakivuja pembeni mwa midomo, anakwambia yamemzidi, ondoa kikombe. Midomo ikigeuka bluu, acha kabisa, mwite nesi papo hapo.

Mrija usiharakishwe kutolewa. Kwanza amalize milo yote kwa mdomo mchana na usiku, na uzito uzidi kupanda, takriban gramu 15 kwa kila kilo kwa siku. Usiku hasa, kwa sababu wengi humudu vizuri asubuhi na kufikia saa nane za usiku wameshachoka.