Kauai, kwa shoga yangu mshika maiki

Shoga yangu ni mshika maiki. Kwenye seti ya filamu, yeye ndiye yule anayenyanyua fimbo ndefu yenye maiki juu ya vichwa vya waigizaji, mikono imenyooka, huku akihakikisha fimbo wala kivuli chake haviingii kwenye picha. Watu wakitoka sinema husifia waigizaji, husifia mandhari, husifia hata nguo. Sijawahi kumsikia mtu akisema sauti ilirekodiwa vizuri. Alipopata kazi kwenye filamu iliyokuwa inapigwa Kauai, kimoja kati ya visiwa vikubwa vya Hawaii, alinipigia simu: "Njoo, shoga. Nimechoka kukusimulia kazi yangu, njoo uione." Nikafunga mizigo.

Kutoka Los Angeles hadi Honolulu ni karibu saa sita juu ya bahari tupu. Ukishavuka hapo, ndege ndogo ya kwenda Lihue, mji wenye uwanja wa ndege wa Kauai, hutumia kama dakika arobaini tu. Kiumbe cha kwanza kunipokea nje ya uwanja alikuwa jogoo. Wa pili naye jogoo. Kuku wamejaa Kauai: barabarani, ufukweni, chini ya meza za mapumziko. Wapolinesia, watu wa visiwa vya Pasifiki, walikuja na mababu wa kuku hawa karne nyingi zilizopita, na inaelezwa kwamba vimbunga vya Iwa mwaka 1982 na Iniki mwaka 1992 vilivunja mabanda, kuku wa kufugwa wakaingia porini wakazaana na wenzao. Tena nguchiro, aliyeletwa Hawaii mwaka 1883 ili apambane na panya kwenye mashamba ya miwa, hakuenea Kauai kama alivyoenea visiwa jirani, kwa hiyo hapa kuku wanaatamia mayai yao kwa raha. Nilidhani ni kivutio tu cha watalii. Kumbe ndilo jambo linalomnyima usingizi shoga yangu.

Nilikodi gari nikashika barabara ya Kuhio kuelekea kaskazini. Majengo ni mafupi, milima imekatika kama ukuta, na kila baada ya kona mvua inaanza au inakatika. Ukipita Princeville unateremka hadi daraja la chuma la Hanalei, lililojengwa mwaka 1912, lenye njia moja. Hakuna taa wala askari. Yanapita magari matano hadi saba ya upande mmoja, linalofuata linasimama lenyewe, upande wa pili unapita. Daraja lina kikomo cha uzito, kwa hiyo shehena nzito ya filamu hugawanywa kwenye malori madogo kabla ya kuvuka. Ng'ambo yake kuna bonde la magimbi, mashamba yaliyojaa maji, mabua ya kijani hadi chini ya milima. Nilisimamisha gari pembeni nikatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Seti yenyewe ilikuwa kwenye bonde lenye msitu, mbele zaidi. Jina la filamu silitaji, maana langoni nilisaini karatasi ya kutunza siri na lenzi ya simu yangu ikabandikwa stika. Kisha nikaelekezwa kwenye brashi na chupa ya spiriti: sugua soli, toa udongo wote, pulizia. Kila mtu anayeingia msituni hufanya hivyo, kuanzia mbeba nyaya hadi nyota wa filamu. Kuna ugonjwa wa kuvu unaoua miti ya ohia, mti wa asili ambao misitu ya Hawaii imejengeka juu yake, na tangu mwaka 2018 umeonekana Kauai pia. Kuvu hilo linaweza kusafiri kwenye tope la kiatu. Nilipenda kuona kampuni yenye haraka na ratiba ya kubana ikisimamisha watu wake wote kwa ajili ya mti.

Shoga alinikumbatia kwa mkono mmoja, wa pili umeshika fimbo. "Pole na safari. Kaa hapa, vaa hizi." Akaniwekea hedifoni masikioni.

Hapo ndipo safari yangu ilipoanza hasa. Kwa macho nilikuwa naona msitu na watu wawili wamesimama kwenye uwazi. Kwa masikio nilikuwa mahali pengine kabisa. Nilisikia tone la maji likitoka jani la juu, likigonga jani la chini, kisha udongo. Nilisikia kitambaa cha shati la mwigizaji kikisuguana na kifua chake alipovuta pumzi. Nilisikia mate yakimezwa. Halafu mtu akapaza sauti: "Kimya seti!" Mwingine akauliza: "Sauti?" Mrekodi akajibu kwamba mashine inakwenda, kisha kamera nayo ikawashwa, klapa, kile kibao cha kugonganisha mwanzoni mwa tukio, ikapigwa, na dairekta akasema: "Akshen." Sauti hutangulia kamera. Jambo dogo, lakini lilinifurahisha kwa niaba yake.

Mwigizaji alifungua kinywa. Jogoo akawika.

"Kata!"

Wakaanza upya. Ikaja helikopta. Sehemu kubwa ya Kauai haina barabara, hasa ufuko wa Na Pali, na watalii wengi huiona kutoka angani, kwa hiyo helikopta hupita kutwa nzima. Wote wakasubiri mngurumo uishe nyuma ya mlima. Wingu likafunika jua, wapiga picha nao wakaomba subira, kwa sababu nusu ya kwanza ya tukio ilipigwa juani. Jua liliporudi, jogoo naye akarudi. Kijana mmoja wa kisiwani alikuwa na kazi ya kuwavuta kuku mbali kwa kuwatupia nafaka upande wa pili wa kilima, na aliifanya kwa umakini mkubwa, akitembea kwa kunyata.

Katika vipindi hivyo vya kusubiri nilimtazama shoga akihangaika na unyevu. Maiki ndogo zinazobandikwa chini ya nguo za waigizaji hufa kwa jasho, kwa hiyo kila baada ya muda alikuwa akizitoa, kuzikausha na kuzifunga kwenye kisanduku chenye vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Wenzake wa kamera walikuwa na shida yao: lenzi ikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi na kuingia hewa ya msitu hufanya ukungu papo hapo, kwa hiyo huletwa nje mapema ili ipate joto taratibu ikiwa bado imefungwa. Mvua ndogo ilipoanza, alivisha maiki kifuniko cha nyuzi nene zilizosokotana kama dodoki. Matone yanavunjika ndani ya nyuzi hizo, hayapigi ngoma juu ya maiki. Nilikishika, ni chepesi sana. Ukikiona jalalani usingekiokota.

Baadaye mvua ikawa kubwa, tukajibanza chini ya turubai. Mlima Waialeale, katikati ya kisiwa, hupata zaidi ya milimita 9,000 za mvua kwa mwaka. Mwezi Aprili 2018, Waipa, jirani kabisa na Hanalei, ilipata milimita 1,262 ndani ya saa 24, rekodi ya Marekani nzima, na maporomoko ya udongo yakaharibu barabara kiasi kwamba wakazi wa mbele walikaa zaidi ya mwaka bila barabara hiyo kufunguliwa kwa wote. Wakongwe wa seti walinisimulia pia habari za Jurassic Park, ile filamu ya dinosaria: ilikuwa ikipigwa hapa Kauai pale Iniki ilipotua tarehe 11 Septemba 1992, na kikundi kizima kikajificha kwenye ukumbi wa hoteli hadi kimbunga kilipopita. Katika kazi hii kila mtu anatazama mawingu, na hakuna anayefanya mzaha nayo.

Mvua ilipokatika, shoga aliomba kitu ambacho nilikuwa nimekisikia tu kwenye hadithi zake: kurekodi kimya cha mahali. Kila eneo lina sauti yake hata watu wasiposema lolote, na mhariri huihitaji ili kuziba mapengo kati ya maneno. Umati wote wa seti, mafundi taa, wapishi, mabosi, ukasimama palepale ulipokuwa, bila kusogeza mguu, kwa dakika nzima. Kwa dakika hiyo aliyekuwa na amri pale ni yeye. Nilimwona uso wake, amefumba macho, na nikamwelewa kuliko nilivyowahi kumwelewa miaka yote ya urafiki wetu.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kesho yake, kwenye maporomoko ya maji. Yalikuwa madogo, lakini yalimeza kila neno. Dairekta alitaka wasimame karibu kabisa na maji, na picha ilikuwa nzuri kweli, siwezi kumlaumu. Kawaida, tukio kama hilo hupelekwa studio miezi baadaye. Mwigizaji anasimama mbele ya skrini na kuyarudia maneno yake yaendane na midomo. Shoga hapendi. "Atakuwa ameshafanya filamu nyingine, shoga. Ile pumzi haitakuwepo tena."

Kwa hiyo walipomaliza tu alimwendea mwigizaji, bado amelowa, akamwomba dakika chache kwenye gari la vifaa. Walizima kiyoyozi, wakaning'iniza mablanketi madirishani, na mimi nikaruhusiwa kukaa kona ya nyuma. Mwigizaji aliyasema maneno yake mara kadhaa, akitetemeka kwa baridi, kifua bado kinapanda na kushuka kwa kukimbia juu ya mawe. Shoga alipiga magoti mbele yake na maiki karibu na kidevu. Mara ya mwisho, hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba ndiyo yenyewe. Akaandika namba ya tukio kwenye faili na kutoka kwenda kuning'iniza nyaya zake zikauke.

Niliondoka siku iliyofuata. Yeye alikuwa ameitwa kazini saa kumi na moja alfajiri, hivyo tuliagana usiku. Nikiwa Lihue nasubiri ndege, ujumbe wake ukaingia: dairekta ameisikiliza ile ya kwenye gari, ameikubali, studio haitahitajika kwa tukio lile.