Kanuni nilizozihamisha: nilivyobuni mchezo wa mezani kwa watu wasiowahi kucheza

Mchezo wangu wa kwanza wa mezani ulikuwa na kijitabu cha kanuni cha kurasa 14, na kila ukurasa niliupenda. Wachezaji walisafirisha shehena kwa mashua kutoka kisiwa hadi kisiwa. Palikuwa na ubao, karata, dadu mbili na kete za rangi nne. Siku ya kuujaribu niliwaita watu wanne wasiowahi kuuona, nikawaeleza kanuni kwa dakika 40. Nikiwa bado katikati, mmoja wao akaanza kupanga kete zake, moja juu ya nyingine, mpaka zikawa mnara. Hakuwa amekosa adabu. Mikono yake ilikuwa inatafuta kazi, nami nilikuwa sijaipa.

Usiku ule nilijiuliza: ili mtu acheze zamu yake ya kwanza tu, anahitaji kujua nini? Niliandika jibu, likaishia mistari mitano. Kanuni zote zilizobaki zilihusu mambo ambayo yangetokea baadaye: dhoruba, mashua mbili kukutana bandari moja, hesabu ya mwisho. Basi sikuzifuta, nilizihamisha. Kanuni ya dhoruba niliiandika kwenye karata ya dhoruba yenyewe, isomwe pale inapofunuliwa. Thamani ya kila shehena ikachapwa kwenye karata yake. Kijitabu kikabaki na kurasa nne, na mbili kati ya hizo ni picha.

Zamu yenyewe ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi. Awali mchezaji alikuwa na mambo saba ya kuchagua, na mgeni akiona saba huganda, kisha humwiga aliyemtangulia. Nilirudi kwenye Ticket to Ride, mchezo wa mezani wa kujenga njia za reli wa Alan R. Moon, iliyotoka mwaka 2004 na mwaka huohuo ikapata tuzo ya Ujerumani ya Spiel des Jahres. Katika zamu yako unafanya moja kati ya mambo matatu: unachukua karata za mabehewa, unajitwalia njia, au unachukua tiketi mpya za safari. Basi. Lakini watu hukuna vichwa, kwa sababu ukichukua karata sasa, huenda njia uliyoitamani ikachukuliwa na mwenzako kabla zamu haijakurudia. Uzito wa mchezo uko kwenye kile unachokiacha. Nami nikabakiza matatu: pakia, safiri, pakua.

Ili nifike kwenye matatu ilinibidi nilitoe soko, yaani bei zilizokuwa zikipanda na kushuka kila raundi. Nilikuwa nimelifanyia kazi kwa miezi, na kulitoa kuliniuma kwelikweli. Wachezaji wawili waliowahi kucheza toleo lenye soko walipocheza toleo jipya, hakuna aliyeuliza limekwenda wapi.

Halafu kuna dadu. Zawadi kubwa kuliko zote nilikuwa nimeiweka kwenye 12, na mchezaji mmoja akaisubiri mchezo mzima bila kuipata. Dadu mbili zina matokeo 36. Jumla ya 7 hupatikana kwa njia sita, na 12 kwa njia moja tu. Mimi nilijua hilo, yeye hakujua, na ubao wangu haukumwambia chochote. Hilo naliona ni kosa la mbunifu, kwa sababu mgeni aliyeshindwa bila kuelewa kwa nini hana sababu ya kurudi. Catan, mchezo wa mezani uliotoka Ujerumani mwaka 1995, una suluhisho ninalovutiwa nalo mpaka leo: chini ya kila namba ya dadu iliyoko ubaoni kuna nukta, tano kwenye 6 na 8, moja kwenye 2 na 12. Anayeanza leo huona kwa macho ni wapi penye matumaini. Nami nilitia nukta kwenye bandari zangu.

Mengine yalikuwa mepesi. Kete nyekundu na za kijani zilimchanganya mchezaji asiyetofautisha rangi hizo, nikazipa maumbo tofauti. Aliyezama alikuwa anatoka mchezoni na kukaa akitazama wenzake. Sasa anapoteza shehena na kuanza tena bandarini.

Jaribio lililonifundisha zaidi ni lile nililofunga mdomo. Niliweka boksi mezani, nikakaa pembeni na daftari, nikajikataza kusema neno hata wakicheza vibaya. Ni kazi ngumu. Mara mbili nilijikuta nimeshanyanyuka kwenye kiti. Lakini ndipo nilipowaona wakikosea jambo moja mara tatu: aliyetaka kupakia alitoa karata ya kupakua. Maneno hayo mawili yanatofautiana kwa herufi moja, na karata ikiwa imepinda mkononi, jicho haliioni. Nilikuwa nimeyasoma mamia ya mara bila kuliona hilo. Nikaongeza mshale: unaoingia kwenye mashua na unaotoka.

Katika jaribio la mwisho karata ya kwanza ilichezwa dakika nne baada ya boksi kufunguliwa. Katikati ya mchezo akaja mtu aliyechelewa, akauliza wanafanya nini. Mchezaji aliyekuwa karibu naye, ambaye saa moja nyuma hakuujua mchezo huu, akamjibu bila kuinua macho: “Beba mizigo, ifikishe mahali inapotakiwa kabla wengine hawajafika. Kaa, utaona.” Niliyaandika maneno yake kama yalivyo. Ndiyo yanayofungua kijitabu sasa, na aya yangu ya utangulizi nimeitoa.